Kuku wa Damu Moja

Mutoni mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kusukwa nywele Kabuga, na nyumba imeshakuwa kimya kabla hata hujaondoka. Nimetoa kiti nikakaa hapa nje, karibu na banda la kuku, karatasi nimeiweka juu ya paja. Kesho alfajiri basi la Dar es Salaam linakuchukua kituoni Nyabugogo. Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari, ya pasipoti, ya chakula cha njiani, ya kufunga mlango wa chumba na ya watu wa kuwasalimia ukifika. Kwa hayo sina la kuongeza.

Nakuandikia kwa Kiswahili nilichokulia nacho kule Karagwe. Sababu moja ni kwamba huko uendako lazima uache kusema "iko" kila mahali, na mahali pa kuanzia ni hapa. Sababu nyingine ni kwamba kwa Kinyarwanda nimejaribu mara nyingi kukuambia mambo haya uso kwa uso, nikaishia kuzungumza habari za mvua.

Nataka kukuambia habari za kuku. Vumilia kidogo, utaona ninakokwenda.

Babu yako hukumkuta. Tuliporudi Rwanda kutoka Tanzania, kila familia ilibeba ilichoweza. Wengine magodoro, wengine cherehani. Babu yako alibeba tenga lenye jogoo na mitetea wachache wa kuchi, akalipakata njia nzima ndani ya lori. Wewe umewazoea kwa sababu umezaliwa ukiwaona, lakini mtu anayemwona kuchi kwa mara ya kwanza husimama. Ni kuku mrefu, shingo imenyooka, kifua kiko wazi, kishungi ni kidogo kimelala kichwani, na macho yamekaa ndani chini ya nyusi nzito kama ya mtu anayekusikiliza bila kukuamini. Tulipopata kiwanja hiki cha Masaka, babu yako alijenga banda la kuku kabla hatujamaliza kupaua nyumba.

Aliugua hapa hapa. Siku zake za mwisho alizungumza kidogo sana. Jioni moja aliniita, akanishika mkono, akasema, "Kuku wangu wasichanganywe." Alirudia mara mbili. Baada ya hapo sikumbuki kama aliniambia kitu kingine chenye maana. Hayo ndiyo maneno aliyoniachia, nami nikayapokea kama wosia.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja Kacyiru. Mchana nilivaa tai na kujibu barua za watu, jioni nilirudi Masaka kwa moto, pikipiki ya abiria, nikavua tai na kuingia bandani. Naweza kukuambia kwamba pale bandani ndipo nilipojiona mtu. Watu walikuja kuwatazama kuku wangu, wengine walitoka Ndera na kwingineko. Walikuwa wakiniuliza, "Hawa ni kuchi kweli?" nami najibu, "Damu moja, tangu kwa baba yangu. Haijaingia nyingine." Nilipenda sana kuyasema maneno hayo. Nilipenda hata namna watu walivyonyamaza baada ya kuyasikia.

Ili damu isiingie nyingine, nilizungushia ua wote wavu. Jogoo alipanda mabinti zake, kisha mwanawe akapanda dada zake. Sikuona ajabu. Nilijiambia kuku hawana ndoa.

Kisha ukazaliwa wewe.

Ulizaliwa mguu wako wa kushoto umegeukia ndani, unyayo unatazama mguu mwenzake. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba siku ile ile, mama yako akiwa bado kitandani hospitali, nilimuuliza, "Kwenu kuna mtu aliyezaliwa hivi?" Aligeuza uso akatazama ukuta. Mtu ambaye kazi yake ya jioni ni kufuatilia damu ya kuku alikuwa amejifunza kuuliza swali la aina moja tu, na alilitoa mbele ya mwanamke aliyetoka kujifungua.

Daktari alisema si kosa la mtu, hutokea, na kwamba mguu ule unanyooshwa. Mama yako alikupeleka kila wiki ukafungwa plasta, ikavuliwa, ukafungwa nyingine, na kila ilipovuliwa mguu ulikuwa umenyooka zaidi. Mwisho ulinyooka kabisa. Nina hakika, kwa sababu niliushika kwa mikono yangu. Kisha ukapewa vile viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo ulitakiwa ulale navyo kila siku hadi ukue kidogo. Daktari alisisitiza sana hivyo viatu kuliko hata plasta.

Ulikuwa unalia ukivivaa. Nami nilikuwa napokea wageni, watu wa ofisini, watu waliokuja kuona kuku, na sikutaka wakuone umefungwa chuma miguuni. Nilimwambia mama yako, "Mvue, mguu si umeshapona?" Alisema daktari amekataza. Nikasema, "Mimi ndiye baba yake." Nilivichukua nikaviweka juu ya kabati. Ulipoanza kutembea, mguu ulikuwa umerudi ndani. Haukurudi wote, lakini ulirudi kiasi cha kukufanya utembee unavyotembea leo.

Nimewahi kukusikia ukimwambia rafiki yako kwamba ulizaliwa hivi. Hukuzaliwa hivi. Ulizaliwa na mguu unaonyooka, nami sikuulinda. Mama yako amekuficha hilo kwa ajili yangu miaka yote, na sitaki uvuke mpaka ukiwa bado hujui.

Nirudi kwenye kuku, maana ni wao walionifumbua macho, na wewe ukiwepo.

Ulikuwa umeshaanza shule. Mayai yalianza kuharibika. Mtetea anaatamia vizuri, siku zinatimia, vifaranga wachache wanatoka, wengine wanafia ndani ya ganda baada ya kulitoboa. Kisha wakaanza kutoka wenye midomo iliyopishana, wa juu unakwenda kulia, wa chini kushoto, hawawezi kuokota hata punje. Nililaumu chakula. Nikagombana na muuza pumba, nikamwambia pumba zake zina ukungu. Nikabadilisha muuzaji. Midomo ikaendelea kupishana.

Mama Fabiola, jirani yetu aliyekulia Burundi, alinichungulia siku moja juu ya wavu, jogoo wake wa madoadoa akiwa miguuni pake.

"Papa Mutoni," akasema, "hii kuku yako iko muzuri sana. Lakini inazaa na ndugu yake tu. Lete moja ya kwangu iingie humo, utaona."

"Hawa ni wa marehemu baba," nikamjibu. "Hawachanganywi."

"Sawa," akasema. "Batakufia na heshima yao."

Sikumsemesha wiki nzima.

Vifaranga wabovu nilikuwa nawakusanya kwenye ndoo na kuwapeleka nyuma ya nyumba asubuhi kabla hamjaamka. Mfugaji yeyote atakuambia ni kawaida, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila Jumamosi moja walitoka vifaranga wa aina nyingine. Midomo yao ilikuwa mizuri, macho mazuri, lakini baada ya siku chache vidole vyao vilijikunja ndani kama ngumi, wakawa wanatembea kwa magoti. Hapo nikabadilisha lawama. Nilisema, sasa hii ni damu, hawa hawana dawa. Nikachukua ndoo.

Ulikuwa umesimama mlangoni mwa banda na gauni lako la kulalia. Sijui ulikuwa umesimama tangu lini.

"Papa, unawapeleka wapi?"

"Hawawezi kutembea, mwanangu."

Ukawatazama. Mmoja alikuwa amejikokota hadi ukingoni mwa sahani ya maji na anakunywa.

"Mbona wanatembea," ukasema. "Wanatembea vibaya, lakini wanatembea."

Ulikuja na mguu wako ule, ukaishika ndoo, ukanitoa vidole kwenye mpini kimoja kimoja, ukaenda nayo jikoni. Hukulia na wala hukunigombeza. Nilibaki bandani mpaka mama yako alipoamka, na sikuweza kuingia ndani kuwatazama usoni wewe na yeye.

Wiki hiyo veterineri wa sekta, daktari wa mifugo wa eneo letu, alikuja kwa Mama Fabiola kutibu ng'ombe. Alikuwa kijana mpole, mwenye buti za plastiki zilizomzidi. Ukamfuata barabarani na ndoo yako, ukamleta hapa. Alichuchumaa uani akampindua kifaranga mmoja, akavuta kidole, kikanyooka, akakiachia, kikajikunja.

"Mama zao wanakula nini?" akauliza.

"Pumba za mahindi," nikasema.

"Na nini?"

"Pumba."

"Mzee, hawa hawana ugonjwa wa damu. Wana njaa ya vitamini, na wameianzia ndani ya yai. Mama akikosa, yai linakosa." Akatuandikia dawa ya unga ya kuweka kwenye maji. Akasema tuwape dagaa waliosagwa, soya, majani ya dodo, yaani mchicha, na maziwa yaliyoganda kama yapo. "Wale ambao bado wabichi watanyooka. Waliokaa hivi siku nyingi, vidole vimeshazoea. Wape chakula tu, watabaki hivyo, lakini wataishi."

Kisha akamwona mtetea mmoja mwenye mdomo uliopishana, ambaye sikumtupa kwa sababu wewe ulikuwa unamlisha uji kwenye kopo lenye kina. Akamwinua, akatazama mdomo, akamtazama jogoo.

"Huyu jogoo ni nani kwake?"

"Baba yake."

"Na mama wa jogoo?"

"Dada wa baba wa huyo huyo jogoo."

Kijana akamweka mtetea chini taratibu. "Hapa chakula hakitasaidia," akasema. "Kila kuku ana kasoro yake iliyojificha. Akipata mwenzake wa mbali, haionekani. Akipata ndugu yake mwenye kasoro ile ile, inatoka nje. Umewafungia humu muda mrefu mno. Usiangulishe mayai ya huyu. Na tafuta jogoo mwingine."

Ndipo ukauliza lile swali. Uliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Na mimi nisizae?"

Mama yako alikuwa anaanika nguo. Aliacha shati likaning'inia kwa mkono mmoja. Ni yule kijana aliyejibu. Alikuwa bado amechuchumaa, kwa hiyo mlikuwa mnatazamana sawasawa.

"Kuku tunawachagulia sisi, kwa sababu ni wa kwetu," akasema. "Mtu si wa mtu mwingine. Wewe utajichagulia mwenyewe. Na mguu huo si ugonjwa kama wa mdomo huu. Mguu huo ulikuwa unataka kutunzwa tu."

Hakujua alichosema. Alikuwa anakufariji wewe. Mama yako alinitazama juu ya kamba ya nguo, akaendelea kuanika.

Wale vifaranga wako wengi walinyooka. Unawakumbuka walivyokuwa wakikufuata. Wachache walibaki na vidole vyao vya ngumi, nao walikua wakataga kama wengine. Dagaa na dodo nilizileta mwenyewe tangu siku ile. Lakini jogoo mwingine sikutafuta. Chakula nilikubali kubadilisha kwa sababu kubadilisha chakula hakukunigharimu heshima. Nilimwona babu yako kila nilipofikiria kufungua wavu.

Nilingoja hadi mwisho kabisa. Jogoo wa mwisho alikuwa mrefu kuliko wote waliomtangulia, watu walimpiga picha, na hakuweza kurutubisha hata yai moja. Mtetea wake alilalia mayai siku zake zote zikapita. Nilipoyavunja yalikuwa maji matupu. Nikamwondoa kwenye kiota, akarudi. Nikaweka jiwe kwenye kiota, akalilalia jiwe. Bibi yako, mama yangu, alikuwa bado hai na alikuwa amekaa kwenye mkeka pale karibu na jiko.

"Mbona unamtesa?" akaniuliza.

"Sina la kufanya, mama. Baba alisema wasichanganywe."

Akaacha kupepeta mchele. "Alisema lini?"

"Alipokuwa mgonjwa. Alinishika mkono."

"Mwaka ule kideri kilikuwa kimeingia Masaka," akasema. "Kuku wa majirani walikuwa wanakufa kila nyumba. Baba yako aliogopa wa kwake watatoka nje na kuambukizwa. Alisema tuwafungie mpaka ugonjwa upite. Mimi pia aliniambia."

"Mpaka upite?"

"Mpaka upite. Kule Karagwe aliazima jogoo kwa kila mtu. Wale mitetea wa kwanza hata hawakuwa kuchi wote, mmoja alikuwa wangu, wa kienyeji, mwenye miguu mifupi."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza," akasema. "Nilidhani ndivyo unavyopenda."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Maneno ya mtu anayeogopa ugonjwa wa msimu mmoja niliyafanya sheria ya maisha, na sikumuuliza mtu mwingine pekee aliyekuwepo. Kwa ajili ya sheria hiyo niliua viumbe vingi, nikamvunjia heshima jirani mwema, na nikajenga jicho linalotazama mtoto mchanga na kuuliza kasoro imetoka upande gani.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Fabiola. Hakunicheka. Alimkamata jogoo wake wa madoadoa, akanipa, akasema, "Mupe maji kwanza, iko na woga." Vifaranga waliotoka walikuwa wa kila rangi. Wengine warefu, wengine wafupi, vishungi vya kila aina. Wote walisimama siku ya kwanza. Niliwatazama nikajisikia kama ninamzika baba yangu tena, na huo ndio ukweli. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Furaha ilikuja baadaye, kidogo kidogo, bila kunipigia hodi.

Mama yako nilimwomba msamaha mwaka ule ule. Kwa lile swali la hospitali, na kwa viatu. Alikuwa anachambua maharage. Alisema alishaacha kungoja, lakini amesikia. Tukachambua maharage pamoja mpaka yakaisha. Tangu hapo mambo kati yetu si kama yalivyokuwa kabla hujazaliwa, na siwezi kusema ni mabaya. Ni ya watu wanaojuana.

Mutoni, sijui huko uendako utakutana na nini. Utasikia watu wakisema huyu ni wa kwetu, yule si wa kwetu. Hapa nchini tunajua vizuri maneno hayo yanaweza kufika wapi, na bado mimi, niliyejua, niliyafuga uani kwangu nikayaita heshima kwa baba. Sikuambii usiwe na kwenu. Nakuomba tu, ukiona umeshika neno la mtu kwa nguvu sana, mtafute aliyekuwepo liliposemwa, umuulize.

Na kuhusu mguu. Unaweza kunikasirikia. Ukitaka kukasirika ukiwa huko, kasirika, nipigie simu uniambie, sitakata. Ukitaka kunyamaza muda, nyamaza. Ila usiondoke ukidhani kuna kitu kilichoharibika ndani yako tangu mwanzo. Uliletwa mzima mikononi mwa mtu aliyekuwa anatazama mambo mengine.

Siku moja labda utaniletea mtu hapa Masaka. Anaweza kuwa wa Dar, wa Bujumbura, wa popote. Najua unaogopa jinsi nitakavyomtazama, maana uliona nilivyomtazama yule kijana uliyemleta Pasaka, hakurudi tena. Mlete. Sitamuuliza kwao ni wapi wala baba yake ni nani. Nitamvutia kiti, nimuulize kama amekula.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda kwa kuchelewa lakini kwa moyo wote.